Kijiji Kilichokuwa Msafara

Mwezi wa Januari niliingia katika duka la vitambaa hapa Tanga kununua kitambaa cha sare za wanangu. Mwenye duka ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa mji huu huu, na Kiswahili chake ni cha mtu wa Tanga hasa. Lakini anapopima kitambaa kutoka kwenye jora huhesabu kwa lugha ya mama yake, kwa sauti ya chini, kama mtu avutaye uradi: ek, be, tran, char, panch, chha, saat. Nimemsikia akihesabu hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini bila kusikiliza.

Siku ile nilisikiliza.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma habari za Kikkuli, mwalimu wa farasi kutoka nchi ya Mitanni, kaskazini mwa Syria ya leo. Mafundisho yake yaliandikwa kwenye vibao vya udongo huko Hattusa, mji mkuu wa Wahiti katika Uturuki ya leo, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Kibao kimeandikwa kwa lugha ya Wahiti, lakini kila anapofika kwenye idadi ya mizunguko ambayo farasi wanapaswa kukimbia, Kikkuli anaiacha lugha hiyo na kushika maneno ya kazi yake: aikawartanna, mzunguko mmoja, terawartanna, mitatu, panzawartanna, mitano, sattawartanna, saba, nawartanna, tisa. Aika na ek. Panza na panch. Satta na saat.

Nilimwomba mzee anihesabie tena. Akanitazama kwa mshangao, akahesabu.

Nililipa, nikachukua kitambaa changu, nikaenda nyumbani nikiwa sina raha. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu wa historia kwamba habari za Waarya, watu wa kale waliosema lugha iliyozaa Kigujarati na Kihindi, kuhamia India ni uongo uliotungwa na wakoloni. Sasa nilikuwa nimesikia, kwa masikio yangu, juu ya meza ya duka, kitu ambacho maelezo yangu hayakuweza kukibeba.

Nilichokikataa na sababu yake

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kwa urefu kwa nini mwalimu wa historia angekuwa na mashaka. Mwaka 1863 John Hanning Speke aliwaandikia Waingereza kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walikuwa wageni kutoka kaskazini, wa damu bora kuliko watu waliowatawala. Wengine wakaijenga hoja hiyo juu ya jina la Hamu, mwana wa Nuhu, na mwaka 1930 C. G. Seligman aliiandika kana kwamba ni sayansi iliyokwisha kuthibitishwa: kila kilichostaarabika Afrika kililetwa na Wahamiti. Tunajua mbegu hiyo ilizaa nini Rwanda na Burundi.

Kwa hiyo nilipokutana mara ya kwanza na simulizi ya Waarya kama ilivyoandikwa katika vitabu vya zamani, niliufahamu wimbo kabla haujafika kwenye kiitikio. Watu weupe warefu wanashuka kutoka kaskazini wakiwa juu ya magari ya farasi, wanavunja miji ya watu weusi wafupi, wanawafanya watumwa, wanawaletea lugha, dini na akili. Ni Speke yule yule aliyebadilishiwa ramani.

Na kulikuwa na mfano wa dhahiri wa kosa hilo. Miji ya bonde la mto Indus, Harappa na Mohenjo-daro, ilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1924, na tangu hapo likawapo swali la nani aliyeimaliza. Mwaka 1947 Mortimer Wheeler, aliyekuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale ya India, alitoa hukumu yake: kwa ushahidi wa mazingira, mshitakiwa ni Indra, mungu wa vita wa Waarya. Alitegemea mifupa ya watu iliyokutwa imezagaa katika nyumba na vichochoro vya Mohenjo-daro. Mwaka 1964 George Dales aliipitia mifupa hiyo, ya watu wapatao 37, akaonyesha kwamba haikuwa ya siku moja wala ya tabaka moja la ardhi. Hapakuwa na majivu ya mji uliochomwa, wala silaha za jeshi lililovamia. Miji ile ilidhoofika kuanzia karibu mwaka 1900 KK, mvua za msimu zilipopungua na mito kubadilika, na watu wake wakatawanyika hatua kwa hatua, wengi wakielekea mashariki.

Nilichofanya mimi, kama wengi, ni kuitupa simulizi yote. Niliitupa vita, nikaitupa na safari.

Neno linalobaki mdomoni

Ni ajabu kwamba mimi, ninayefundisha uhamiaji wa Wabantu kwa kuwaonyesha wanafunzi jinsi neno la mtu linavyofanana kutoka Kameruni hadi Natal, niliukataa ushahidi wa namna hiyo hiyo ulipohusu watu wengine.

Ushahidi huo ni wa zamani kuliko ubaguzi uliouvamia. Tarehe 2 Februari 1786 William Jones, jaji wa Kiingereza mjini Kolkata, alisema mbele ya chama cha wasomi alichokianzisha kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno katika mizizi ya vitenzi na katika sarufi kiasi kwamba haviwezi kuwa vimefanana kwa bahati; lazima vimetoka katika chemchemi moja, ambayo huenda haipo tena. Kisanskriti cha kale na Kiavesta, lugha ya maandiko ya Wazoroasta wa Uajemi, vimekaribiana zaidi, kama ndugu wa tumbo moja. Na wote wawili, upande wa India na upande wa Uajemi, walijiita kwa jina moja: arya. Mfalme Dario wa Kwanza alichonga kwenye jabali la Naqsh-e Rostam kwamba yeye ni Mwajemi, mwana wa Mwajemi, Mwarya wa ukoo wa Kiarya. Jina la Iran limetokana na neno hilo hilo.

Kikkuli ndiye aliyenikosesha usingizi kwa sababu yuko mahali asipotarajiwa. Maneno yake ni ya upande wa India wa familia hii. Kwa namba moja, Waajemi wa kale walitumia neno la mzizi wa aiva, wala si aika. Katika mkataba wa amani kati ya mfalme wa Wahiti na mfalme wa Mitanni, wa karne ya 14 KK, wanaitwa kama mashahidi miungu Mitra, Varuna, Indra na Nasatya, ambao wote ni miungu wa Rigveda, mkusanyiko wa kale kuliko yote wa nyimbo za ibada za Kisanskriti. Watu wa kawaida wa Mitanni walisema Kihuri, lugha isiyo na undugu na familia hii. Ni watu gani hao ambao maneno yao ya farasi na miungu yao ya kiapo yako Syria, na nyimbo zao ziko Punjab?

Wapo wanaojibu kwamba walitoka India kwenda magharibi. Nililishika jibu hilo kwa siku kadhaa, kwa sababu lingenisaidia kubaki nilipokuwa. Lilinishinda nilipofika kwenye magurudumu.

Gurudumu lenye spoki

Sisi tuliolipokea neno gari kutoka katika lugha za India tungepaswa kuwa wepesi wa kuliona jambo hili. Kuna tofauti kubwa kati ya mkokoteni wa magurudumu mazito ya mbao nzima, unaovutwa na maksai, na gari la vita lenye magurudumu mawili mepesi ya spoki, linalovutwa na farasi wanaokimbia. Mikokoteni ya aina ya kwanza ilikuwapo katika miji ya Indus. Wafinyanzi wao waliifinyanga kama vichezeo vya watoto. Ya pili haikuwapo. Rigveda, kwa upande wake, imejaa magari ya vita. Inazitaja spoki na kitovu cha gurudumu, inawalinganisha washairi na mafundi wanaounganisha sehemu za gari, na inamtukuza farasi katika kila ukurasa, ilhali farasi hayumo kwenye mihuri ya Indus, ambayo imechorwa mafahali, tembo, vifaru na mnyama wa pembe moja.

Magari ya spoki ya kale zaidi yanayojulikana yamefukuliwa katika makaburi ya Sintashta, kusini mwa milima ya Ural katika Urusi ya leo, ya karibu mwaka 2000 KK. Kilichobaki si mbao, kwa kuwa mbao zimeoza, bali alama za magurudumu katika vijishimo vilivyochimbwa ili kuyasimamisha, pamoja na farasi waliochinjwa na kuzikwa na mwenye gari. Watu hao walijenga vijiji vya mviringo vyenye maboma, waliyeyusha shaba kwa wingi, na waliwafuga ng'ombe, kondoo na farasi. Kutoka kwao utamaduni wa wafugaji ulienea katika nyika za Kazakhstan, ukashuka kusini hadi mipakani mwa miji ya Turkmenistan, kama Gonur Depe, penye matofali na mifereji.

Katika Kisanskriti na lugha za Kiajemi yamo maneno machache ya pamoja ambayo hayana ndugu katika lugha za Ulaya. Miongoni mwao ni neno la tofali na la ngamia. Baadhi ya wanaisimu wanaona kwamba maneno hayo yaliokotwa hapo, njiani, na wafugaji ambao hawakuwahi kujenga kwa tofali wala kumpakia ngamia mizigo. Hoja hii haina uthabiti wa namba za Kikkuli, lakini inanigusa. Mtu anayehama huchukua neno la kitu alichokiona kwa mara ya kwanza, na neno hilo hubaki kama vumbi la njia kwenye nguo zake.

Ni haki pia kutaja kwamba mwaka 2018, huko Sinauli katika jimbo la Uttar Pradesh, yalifukuliwa makaburi ya karibu mwaka 2000 KK yenye vyombo vya magurudumu vilivyonakshiwa kwa shaba. Baadhi ya wataalamu wa India waliviita magari ya vita ya farasi. Magurudumu yake, hata hivyo, hayana spoki, na farasi hawakukutwa.

Mifupa ya Rakhigarhi, mifupa ya Swat

Mwaka 2019 zilitoka tafiti mbili za vinasaba, na niliziogopa kuliko vyote, kwa sababu vinasaba ndipo mahali ambapo fikra za damu bora hupenda kurudi zikiwa zimevaa koti jeupe la maabara.

Ya kwanza ilihusu mwanamke mmoja aliyezikwa Rakhigarhi, mji wa ustaarabu wa Indus katika jimbo la Haryana, kabla ya miji hiyo kudhoofika. Joto la nchi ile huharibu vinasaba upesi. Sampuli 61 zilijaribiwa, na ni yeye tu aliyetoa vya kutosha. Hakuwa na nasaba yoyote ya watu wa nyika. Utafiti wa pili ulichunguza watu wa kale 523, wengi wao kutoka Asia ya Kati na pembe ya kaskazini ya Asia ya Kusini, na ukaonyesha kwamba nasaba ya nyika ilianza kuingia huko kati ya takriban mwaka 2000 na 1500 KK. Leo imo karibu kila mahali India kwa viwango tofauti, na hata pale ilipo nyingi haizidi takriban theluthi moja. Sehemu kubwa ya nasaba ya Wahindi ni ya watu wa miji ile na ya wawindaji wa kale wa nchi ile.

Walikuja, basi.

Niliyaandika maneno hayo mawili katika daftari langu la maandalio ya masomo, na nilikaa nayo kwa muda mrefu, kwa sababu yalikuwa yanaukanusha mwaka hadi mwaka wa kazi yangu. Lakini nilipoendelea kusoma niliona kwamba utafiti huo huo unaivunja simulizi ya Wheeler vibaya kuliko nilivyoweza kuivunja mimi. Katika bonde la Swat, kaskazini mwa Pakistani, ambako makaburi ya mwisho wa zama za shaba na mwanzo wa zama za chuma yametoa vinasaba vingi, nasaba ya nyika ilipita zaidi kwa wanawake. Wanaume wengi waliozikwa hapo walikuwa wa koo za kienyeji. Jeshi la washindi halioani hivyo. Sehemu nyingine za India, na kwa hesabu ya watu wa leo, hali ni kinyume: alama ya nyika ni nyingi zaidi upande wa kromosomu Y, inayopita kwa baba. Kwa hiyo hapakuwa na kuja kwa namna moja. Pengine palikuwa na ndoa za majirani hapa, mabwana wenye ng'ombe wengi pale, na kwingine nguvu ambayo hakuna aliyeiimba.

Kilwa na Punjab

Hapo ndipo nilipokumbuka utafiti wa pwani yetu wenyewe. Mwaka 2023 vilichapishwa vinasaba vya watu 80 wa kale wa miji ya Waswahili, kati ya mwaka 1250 na 1800 BK. Wengi wao walikuwa na zaidi ya nusu ya nasaba yao kutoka kwa mababu wa Kiafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa iliyobaki kutoka kwa wanaume wa Asia, wengi wao wa Uajemi, waliochanganyika na wenyeji kuanzia karibu mwaka 1000 BK. Wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa wanaota.

Na bado watoto wa ndoa zile walisema lugha ya mama zao. Kiswahili ni lugha ya Kibantu kutoka unyayo hadi utosi, hata kama kimevaa maneno ya Kiarabu, Kiajemi na Kihindi.

Punjab mambo yalikwenda kinyume. Wageni walikuwa wachache kuliko wenyeji, na lugha yao ikashinda. Ningekuwa bado naamini kwamba lugha hufuata damu, mifano hii miwili peke yake ingenitoa katika imani hiyo. Swali langu likabadilika. Halikuwa tena kama walikuja. Lilikuwa kwa nini watoto wa pale walichukua lugha ya wachache, wakati watoto wa hapa hawakufanya hivyo.

Mito inayojibu

Sina jibu moja, lakini nadhani sehemu yake imo katika nyimbo zenyewe. Rigveda ina nyimbo 1,028, zilizotungwa na koo za washairi kwa vizazi kadhaa, kwa makadirio ya wengi kati ya mwaka 1500 na 1000 KK. Hazisimulii safari ndefu kutoka kaskazini. Atakayezitafuta nyika za Ural humo hatazipata. Zinaitaja mito: Kubha, ambao ni Kabul, Suvastu, ambao ni Swat, Sindhu wenyewe, yaani Indus, kisha mito ya Punjab mmoja baada ya mwingine hadi Yamuna na Ganga, inayotajwa mara chache.

Wimbo mmoja wa kitabu cha tatu ni mazungumzo kati ya mshairi Vishvamitra na mito miwili inayoitwa leo Beas na Sutlej. Amefika ukingoni na ukoo wa Bharata, wakiwa na mikokoteni na magari yao, na maji yamejaa. Anaisifu mito kama ng'ombe wawili mama wanaolamba ndama wao, kisha anaiomba iiname kidogo, maji yabaki chini ya mihimili ya magurudumu. Mito inakataa kwanza: inamkumbusha kwamba Indra aliichimbia njia, na haiwezi kusimama kwa ajili ya mtu. Anaisihi tena kwa heshima, akiiita dada. Nayo inakubali kwamba itamwinamia kama mama anayenyonyesha anavyomwinamia mtoto. Nimelisoma shairi hilo mara nyingi mwaka huu, na kila mara naona watu waliosimama kwenye matope, wakihesabu ng'ombe wao, wakingoja maji yapungue.

Maisha yaliyomo humo ni ya wafugaji. Shayiri inalimwa, lakini utajiri ni ng'ombe, na neno moja la vita, gavishti, maana yake ya asili ni kutafuta ng'ombe. Mmaasai au Mkurya angelielewa bila kamusi. Vita kubwa kuliko zote, ile ya wafalme kumi kwenye mto Ravi, ambamo mfalme Sudas wa Wabharata alishinda, haikuwa kati ya wageni na wenyeji: miongoni mwa maadui wa Sudas walikuwamo makabila ya Kiarya kama Wapuru.

Wapo pia maadui wanaoitwa Dasa na Dasyu, na hapa ndipo ubaguzi ulipopatia kamba yake. Mahali pamoja tu katika Rigveda adui anaitwa anas. Wasomi wa Ulaya wa karne ya 19 walilikata neno hilo kuwa a-nas, asiye na pua, yaani mwenye pua bapa, wakaona mbele yao taifa zima la watu weusi. Sayana, mfafanuzi wa Kihindi wa karne ya 14, alikuwa amelikata kuwa an-as, asiye na mdomo, yaani asiyesema, au asiyesema lugha yetu. Kutokana na mkato wa silabi moja watu walipimwa pua: Herbert Risley, aliyesimamia sensa ya India ya mwaka 1901, aliamini kwamba daraja la tabaka la mtu linafuata upana wa pua yake. Baadaye Wabelgiji walipima pua Rwanda.

Na katika nyimbo hizo hizo yumo Balbutha, mkuu ambaye mshairi anamwita Dasa waziwazi na kumshukuru kwa zawadi zake. Jina lake halina sura ya Kiarya. Alikuwa amemlipa mshairi wa Kiarya aimbe.

Kwangu mimi Balbutha ni ufunguo. Mtu anayegharamia nyimbo za lugha fulani ameamua kwamba heshima, miungu na sifa ya jina lake vitapita katika lugha hiyo. Watoto wake hawatahitaji kulazimishwa. Kwetu Kilwa, mgeni aliyetaka biashara ndiye aliyelazimika kuingia katika ukoo wa mkewe, katika mji uliokuwa tayari na wenyewe. Punjab miji ilikwisha kutawanyika miaka mia kadhaa nyuma. Aliyekuwa na ng'ombe, gari na mshairi ndiye aliyekuwa na mahali pa kuwakusanya watu. Lakini lugha ya walioshindwa haikuondoka kimya. Neno la tausi katika Rigveda, mayura, linaelekea kutoka katika lugha za Kidravidi, ambazo leo ni hasa za kusini mwa India, na sauti zile za ulimi uliokunjwa nyuma, zinazotambulisha lugha za India hadi leo, hazikuja na farasi. Watoto waliimba nyimbo za wageni kwa ulimi wa bibi zao.

Moto uliovuka nchi

Karne chache baadaye nyimbo zilikusanywa, yaelekea katika ufalme wa Wakuru kaskazini mwa Delhi, na zikahifadhiwa kwa mdomo silabi kwa silabi. Anayewajua vijana wetu waliohifadhi Kurani anaweza kukisia kazi hiyo ilikuwa ya namna gani. Chuma kikaingia, mpunga ukawa chakula, na makazi yakasogea mashariki kuelekea bonde la Ganga.

Maandiko ya ibada ya wakati huo yana kisa cha mfalme Videgha Mathava, aliyekuwa amemfumbata Agni, mungu wa moto, kinywani mwake. Kuhani wake anamwita, naye hajibu, kwa kuogopa moto usidondoke. Kuhani anaposoma ubeti wenye neno samli, moto unaruka, unashuka ardhini na kuanza kuichoma nchi kutoka mto Sarasvati kuelekea mashariki, mfalme na kuhani wakiufuata nyuma, hadi mto Sadanira, ambako ulisimama. Nadhani wakulima waliofyeka misitu kwa moto ndio waliokisimulia kisa hiki. Na ndani ya moto ule walikuwamo watu waliokuwa wakiishi katika misitu hiyo, ambao hakuna aliyewauliza. Kukataa uongo wa damu bora hakunipi ruhusa ya kuifanya safari hii kuwa ya upole mtupu. Katika wimbo mmoja wa mwisho wa Rigveda mwili wa binadamu wa kwanza unagawanywa: kinywa kinakuwa makuhani, na miguu inakuwa Washudra, watumishi. Katika karne ya 19 Jyotirao Phule, aliyepigania watu wa matabaka ya chini, aliipokea simulizi ya uvamizi na kuigeuza iwe shtaka dhidi ya Wabrahmani, tabaka la makuhani. Mwaka 1946 B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa watu walioitwa wasioguswa, aliipinga, akisema kwamba katika Veda neno arya halimaanishi mbari. Wote wawili walikuwa wakitafuta haki, na nimejifunza kuwasoma pamoja.

Gam

Kati ya maneno yote niliyokutana nayo, moja limekataa kuniacha. Ni grama. Katika Kisanskriti cha baadaye, na hadi leo, maana yake ni kijiji. Wagujarati hulitamka gam. Lakini katika nyimbo za kale kabisa grama ni kundi la watu walio njiani na mikokoteni na mifugo yao. Jioni wanafungua nira na kupanga mikokoteni, na palipo na mikokoteni ndipo palipo na grama. Makundi mawili yakikutana, huo ni sangrama, na neno hilo likaja kuwa na maana ya vita. Wakati fulani, bila mtu kuandika tarehe, msafara haukufunga tena nira, na neno likabaki chini pamoja na watu.

Mwezi wa Machi nilirudi dukani kuongeza mita mbili. Nilimwamkia mzee, nikamwuliza gam lao liko wapi.

Aliweka mkasi mezani. "Mwalimu, neno hili nani amekufundisha?"

Nilimweleza habari za mikokoteni. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya jora. Akaniambia gam yao iko karibu na Jamnagar, na kwamba yeye alifika huko mara moja tu, akiwa kijana, akakaa wiki mbili, wakamwita mtu wa Afrika.

"Baba yangu alikuja kwa jahazi," alisema. "Na hakuja peke yake. Jahazi zima lilikuwa watu wa gam moja."

Kisha akalivuta jora, akaanza kupima.